Glavu za Heshima za Kelelani

"Nane!" alifoka Bwana Kishindo.

"Kumi na mbili!" alijibu Bi. Hoihoi. Ninasema "alijibu" kwa kumpendelea tu, maana alikuwa ameshaanza kabla mwenzake hajamaliza.

"Spika nane zinatosha kabisa kwa shule ya viziwi, dada yangu, nane, tena zile kubwa za..."

"...kumi na mbili, kwa sababu nane tuliziweka mwaka jana na hakuna mtoto hata mmoja aliyesikia, kwa hiyo..."

"...za uwanjani! Nimesema za uwanjani! Unanisikiliza lakini?"

"...kwa hiyo dawa ni kuongeza! Mtu hasikii, unaongeza! Hilo nalo linataka semina?"

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na begi langu begani, nimeingia dakika tano tu zilizopita, na hakuna aliyenikaribisha kwa sababu hakuna aliyepumua. Katikati yao alikaa Mheshimiwa Ngurumo, Waziri wa Huruma wa nchi ya Kelelani, mtu mnene, mpole, suti ya kijivu, mikono juu ya tumbo. Alimtazama mmoja mdomo, akamtazama mwingine mdomo, kama mtu anayefuatilia mpira wa meza. Ana tabia ya kusubiri mpaka midomo yote ifungwe ndipo aseme, na kwa kuwa kule midomo haifungwi mara kwa mara, husema mara chache sana. Hatimaye wote wawili walikohoa kwa pamoja. Akapata nafasi.

"Asanteni," akasema. "Nakubaliana nanyi wote wawili. Na mvua za mwaka huu ni neema."

Makarani wakaandika. Ikapitishwa kwamba shule ifungiwe spika ishirini, yaani nane na kumi na mbili, na kwamba kauli ya Mheshimiwa kuhusu mvua ina hekima nzito ambayo wataalamu wataifafanua baadaye.

Jinsi nilivyofika Kelelani haina maana, na ramani yake msinidai. Nitaeleza nilichokuta.

Kelelani ni nchi ambayo haki ina sauti, na asiye na sauti hana haki. Mahakamani hakuna ushahidi. Kuna kipima-sauti, sanduku la shaba lenye mshale, na atakayeusukuma mshale mbali zaidi ndiye mwenye shamba, mwenye mke au mwenye mbuzi, kutegemea kesi ilihusu nini. Nilimwona mwizi mmoja akiachiwa huru kwa sababu aliyeibiwa alikuwa na mafua. Wanafunzi wa sheria husomea pumzi. Sokoni bei ya nyanya huamuliwa kwa mtindo huohuo, na ndiyo maana mabibi wenye pumu wanakula ugali mkavu.

Sasa, watu hawa si wabaya. Nataka hilo lieleweke, maana walinilisha vizuri. Wana huruma nyingi mno, na huruma yao kubwa kuliko zote wameielekeza kwa viziwi. Kuna Wiki ya Kuwakumbuka Viziwi, inayoadhimishwa kwa matangazo ya redio. Kuna kwaya ya taifa inayozunguka kuwaimbia. Kuna namba ya simu ya bure ambayo kiziwi akipata tatizo anapiga na kueleza. Niliuliza ni wangapi wamepiga tangu ianzishwe. Nikaambiwa hakuna, jambo linaloonyesha jinsi matatizo yao yalivyokwisha.

Na kuna shule, Shule ya Sikio Jema, inayoendeshwa na Jumuiya ya Sauti kwa Wote. Bwana Kishindo ndiye katibu wake, Bi. Hoihoi ndiye mlezi wa wahisani, na Mheshimiwa ana ofisi yake palepale shuleni ili awe karibu na huruma.

Mimi nilipewa cheo siku hiyohiyo. Kishindo alinitazama viatu, akatazama begi, akauliza, "Wewe ni mtaalamu?"

Nikamwambia kweli tupu: nilisoma ualimu wa mahitaji maalumu miaka miwili, nikaondoka chuoni kabla hawajaniondoa, ila nimelelewa na shangazi yangu kiziwi, fundi cherehani, na lugha ya alama naijua tangu sijaota meno.

Katika maelezo yote hayo alichodaka ni begi. "Ametoka nje," akamwambia Bi. Hoihoi. "Ni mtaalamu." Wakanivisha beji.

Kesho yake nikapelekwa kukagua. Walimu kumi na wanne, wote wanaosikia vizuri, wote wameajiriwa kwa mshale. Mwalimu anasimama mbele, anapasua koo, watoto wanatazama mishipa ya shingo yake. Mtihani wa taifa ni wa kusikiliza: msimamizi anasimama nyuma ya wanafunzi ili wasiibie kwa kutazama mdomo, anasoma maswali, na atakayeshindwa anarudia darasa. Kwa hiyo darasa la pili nilimkuta mwanafunzi mwenye ndevu. Anaitwa Pandu. Ana umri wa miaka thelathini na moja, ameurudia mtihani huo mara ishirini na mbili, na magoti yake hayaingii chini ya dawati, hivyo hukaa upande kama abiria wa punda.

Nilitaka kuzungumza naye, lakini siku ile walikuja wageni, na wageni wakija watoto huvaa glavu za heshima. Ni glavu nyeupe, nene, zilizojazwa pamba, hazina vidole isipokuwa gumba, zinashonwa na wahisani wenyewe kwa upendo. Bi. Hoihoi alinieleza faida yake huku akimfunga mtoto mmoja kamba za mkononi.

"Hawa wana ugonjwa wa mikono, mtaalamu. Ukiwaacha, inarukaruka. Wageni wanashtuka. Tukiwavisha, inatulia, na kwenye picha wanapendeza kama malaika."

"Haijawahi kukupitia akilini kwamba wanaongea?"

Akacheka mpaka akashika meza. "Kwa mikono? Basi na mimi nile kwa masikio!"

Pandu alikuwa nyuma yake. Alinikonyeza, akang'oa glavu moja kwa meno, na kwa mkono ule mmoja akaniambia: "Huyu mama akicheka anarusha mate. Simama mbali."

Nikamjibu kwa alama, chinichini, nyuma ya begi: "Nimeshalowa."

Macho yalimtoka. Alikuwa hajawahi kumwona mtu mwenye beji akiongea lugha yake. Akanishika mkono, akanivuta nyuma ya majengo mpaka jikoni.

Pale ndipo nilipomkuta Mashavu.

Mashavu ni mpishi wa uji. Kiziwi tangu kuzaliwa, mwanamke wa miaka arobaini hivi, kitambaa kichwani, unga mpaka viwikoni. Jina lake kwa alama ni vidole viwili shavuni. Alikuwa anakoroga sufuria kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili anafundisha sehemu na mafungu: duara la uji kwenye sinia, alilikata nusu, akalikata robo, na watoto kumi na mmoja waliochuchumaa mbele yake wakapandisha mikono juu wakigombania kujibu. Ukuta wa jiko ulikuwa mweusi kwa masizi na mweupe kwa hesabu za mkaa na chokaa. Wote kumi na mmoja walikuwa wanasoma. Pandu alikuwa anasoma magazeti. Katika shule nzima, yenye spika zake zote, watu pekee waliojua kusoma walikuwa wamefundishwa kati ya chungu cha maharage na gunia la sukari.

"Umeanza lini?" nikamuuliza.

"Ni miaka saba sasa. Nilichoka kuwalisha tu," akasema Mashavu. "Tumbo likishiba, kichwa kinauliza na mimi je?"

Halafu akanionyesha barua. Nafasi moja ya ualimu ilikuwa wazi, kwa sababu mwalimu mmoja amepasuka koo. Mashavu ameomba. Usaili ni Alhamisi. Na katika barua ya kumwita usaili wameambatisha onyo: imebainika kuwa mpishi huchezesha mikono mbele ya watoto. Kama atafaulu, itahesabiwa ni njia ya kufundishia. Kama atashindwa, ni ukiukaji wa maadili. Atafukuzwa hata jikoni, na watoto wake kumi na mmoja watavaa glavu siku zote, si za wageni tu.

"Na usaili wenyewe ni upi?" nikauliza.

Pandu ndiye aliyejibu, kwa uso wa msiba. "Unaitwa jina, unaitika 'Nipo!' Mshale ufike sabini."

Nilipoinua macho niliona dirisha la ofisi ya Mheshimiwa, juu, likitazama jikoni moja kwa moja. Pazia lilikuwa limefunguliwa upana wa kiganja. Nilimwona Ngurumo amesimama nyuma yake. Nikauliza anafanya nini pale.

"Yupo kila siku," akasema Mashavu. "Nadhani anapenda uji. Nimempelekea mara mbili, haunywi."

Mimi nina tabia mbaya, siifichi: nikiona mtu amekaa kwa heshima sana, mkono unaniwasha. Jumatano wakati wa gwaride la asubuhi, Mheshimiwa amesimama wima mbele ya bendera, nilijaza mfuko wa karatasi upepo, nikasogea nyuma ya kisogo chake, nikaupasua. Pa! Askari wawili walilala kifudifudi. Kishindo alirukia kichaka. Bi. Hoihoi alimtaja marehemu mama yake. Ngurumo hakupepesa hata jicho. Alisubiri kidogo, akaona watu wamelala chini, na yeye akainama taratibu akaokota kitu ambacho hakikuwepo.

Gazeti la kesho yake liliandika: KIONGOZI ASIYETIKISIKA. Nami nilikubali, nikaona aibu.

Alhamisi ikafika. Baraza liliketi ukumbini, milango wazi kuelekea uwanjani, spika zote ishirini zikiwa zinafanyiwa majaribio kwa wimbo wa taifa. Kipima-sauti kiliwekwa mezani. Pembeni ya Mheshimiwa palining'inia upatu, sahani kubwa ya shaba yenye nyundo yake. Sheria ni fupi: mwombaji akishindwa, Waziri anagonga upatu mara tatu, basi, limekwisha, hakuna rufaa. Mashavu alisimama mbele bila kitambaa cha jikoni, amevaa gauni la rangi ya zambarau lililopigwa pasi mpaka linakata. Mimi nilikaa pembeni kama mkalimani.

"Mashavu!" aliita Kishindo.

Nikamwonyesha vidole viwili shavuni. Akainua mkono juu, wazi, imara.

Kila mtu alitazama mshale. Mshale ulikuwa umelala.

"Sifuri," akasema Kishindo, si kwa ukatili, kwa huzuni ya daktari. "Pole, mama."

"Ngoja kwanza!" nikasema. "Kazi ya mwalimu ni ujumbe kufika. Pimeni kama unafika."

"Sauti ndiyo inayofika," alisema Bi. Hoihoi.

"Uwanja ule una hatua mia mbili," nikasema. "Kule mwisho kuna ubao na yuko Pandu. Spika zenu zinaunguruma. Mpeni Mashavu sentensi yoyote, iandikwe kwa siri kwenye karatasi. Pandu akiiandika ubaoni neno kwa neno, mtasema nini?"

Wakabishana, kwa pamoja, robo saa. Bi. Hoihoi alisema ni mazingaombwe. Kishindo alisema kama viziwi wataanza kufundishana wenyewe, wahisani watawahurumia akina nani, na hili swali alilisema kwa dhati kabisa, machozi yakimlengalenga. "Miaka ishirini nimewapenda hawa watu," akasema. "Leo unaniambia hawanihitaji? Wewe mgeni una roho gani?" Nusu yangu ilimwonea huruma. Nusu nyingine ilitaka kumpasulia mfuko.

Mwishowe Kishindo akachukua karatasi, akainama ili Bi. Hoihoi asione, akaandika, akamkabidhi Mashavu. Mashavu akasoma. Pembe ya mdomo ikamcheza. Akasogea mlangoni, akainua mikono yake iliyozoea mwiko, na akasema.

Kule mwisho, Pandu alitikisa kichwa, akaomba arudiwe. Mashavu akarudia. Pandu akashika tumbo akacheka, kisha akaugeukia ubao, akaandika kwa herufi kubwa zilizosomeka mpaka ukumbini:

BI. HOIHOI NDIYE ALIYEKULA MAANDAZI YA WAGENI.

"Kishindo!" Bi. Hoihoi aliruka kutoka kitini. "Huyo ni wewe! Hiyo roho naijua! Nani mwingine angeandika uchafu kama huo?"

"Ulikula au hukula?"

"Nilionja! Kuonja ni kula?"

"Manne?"

"Bibie," nikamkatiza, "unakubali basi kwamba hayo ni maneno ya Bwana Kishindo, yametoka hapa mezani, yamevuka uwanja, yamefika kule bila kupungua hata herufi?"

"Yake kabisa! Nitaapa popote!"

"Basi ujumbe umefika."

Kwa muda mfupi nilidhani tumeshinda. Mashavu naye alidhani. Nilimwona akishusha mabega. Halafu karani mmoja akainamia kipima-sauti, akakigonga kwa kidole, akakitikisa, akapanguza kioo chake kwa tai.

"Waheshimiwa," akasema, "mshale haukusogea. Kisheria hakuna kilichosemwa."

Nyuso zikatulia. Unajua jinsi mtu anavyopumua akiona funguo alizodhani zimepotea? Ndivyo walivyopumua. Bi. Hoihoi alikaa chini akiwa amesafishwa: kama hakuna kilichosemwa, basi hakuna aliyekula maandazi. Kishindo alifurahi kwa sababu bado anahitajika. Wakapeana mikono, mara ya kwanza tangu nifike.

"Sifuri," wakasema kwa pamoja. "Mheshimiwa, upatu."

Nilimgeukia Mashavu nikamtafsiria. Mikono yangu ilikataa kwanza. Alinitazama mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, akauliza kitu kimoja tu: "Uji wa leo nani ataukoroga? Nimeuacha motoni." Kule uwanjani, walimu walikuwa wameshaanza kugawa glavu. Watoto kumi na mmoja walisimama mstari, mikono mbele.

Ngurumo alikuwa hajasema neno tangu asubuhi. Alitazama midomo imefungwa, akajua zamu yake imefika. Akainuka. Akashika nyundo.

"Mara tatu, Mheshimiwa," akasema Kishindo.

Ngurumo aliutazama upatu, akamtazama Mashavu. Akatazama nje, upande wa jikoni, pale ambapo dirisha lake hutazama kila siku. Kisha akaiweka nyundo mezani taratibu, kwa namna ya mtu anayemlaza mtoto, akashuka ngazi za jukwaa na suti yake ya kijivu mpaka akasimama mbele ya mpishi. Akainua mikono.

Mikono yenyewe ilikuwa mizito, ya mtu aliyejifunzia pembeni ya pazia na hajawahi kujaribu mbele za watu. Akajigusa kifuani. Akagusa sikio. Akafuta hewa: hakuna. Akaonyesha sita, kisha akatafuta neno, akalikosa, akaweka "uji". Nilikuwa mkalimani mbovu kiasi kwamba nilisimama nashangaa uji sita ni nini, mpaka Mashavu mwenyewe akamshika kiganja, akamrekebisha kidole kimoja kama anavyowarekebisha watoto: miaka. Si uji. Miaka.

Miaka sita.

Kule mwisho wa uwanja Pandu, aliyeyasoma yote kutoka hatua mia mbili, alitupa chini glavu alizokuwa amekabidhiwa.

"Anasema nini?" Kishindo alipiga kelele. "Mheshimiwa, tumia kipaza sauti!"

"Ongezeni spika!" aliita Bi. Hoihoi. "Haisikiki huku!"

Ngurumo hakugeuka. Mfuko wangu wa karatasi ulinirudia akilini, nikatamani ardhi inimeze. Aliinua tena mkono wa kulia, wima juu, kiganja wazi, kama wale watoto jikoni wanapogombania kujibu, na akauacha pale juu mpaka Mashavu akamwonyesha: haya, sema.

Akasema, polepole, na safari hii hakukosea hata neno moja:

"Mwalimu, naomba dawati. Hata la nyuma, pembeni ya Pandu."